Ziuzwe au Zibaki? Mjadala wa Santuri za Marehemu, Kibuli

Wale waliokuwa vijana wenye mishahara miaka ya 1960 na 1970 wanatutoka mmoja mmoja, na Kampala, kama Mombasa na Dar es Salaam, wanaobaki hujikuta na urithi ambao hakuna aliyeuandikia wosia: kabati la santuri. Nyumba ina hati. Shamba lina mipaka. Santuri hazina karatasi yoyote, na mara nyingi anayebisha hodi wa kwanza akiwa na fedha mkononi ndiye anayeondoka nazo zote.

Mjadala ufuatao nimeuweka katika nyumba moja ya Kibuli, baada ya arobaini. Familia nimeibuni, lakini hoja zake zinasikika popote kabati la aina hii linapofunguliwa. Marehemu alikuwa fundi wa reli enzi za East African Railways, akakaa kwanza katika nyumba za reli Nsambya, kisha akajenga Kibuli. Ameacha santuri kama mia sita: kubwa za kasi ya 33, ndogo za kasi ya 45, na chache nzito za kasi ya 78 alizoachiwa na mama yake.

Waliokaa ni Baba Mdogo, mwenyekiti wa kikao. Mwana wa Kwanza, aliyeleta hoja. Shangazi, dada wa marehemu. Mjukuu, mtoto wa binti wa marehemu, ambaye hupiga muziki kwenye sherehe. Dalali wa santuri, aliyeitwa kutoa bei. Na Mtunza Nyaraka, aliyeitwa na Mjukuu bila kuwauliza wakubwa. Hoja iliyo mezani: santuri zote ziuzwe.

BABA MDOGO: Bismillahi. Tumemzika, tumemsomea, deni lake la dukani tumelilipa. Limebaki hili kabati. Kila mtu atasema kwa zamu yake, na hakuna kumkata mwenzake kauli. Mwenye hoja aanze.

MWANA WA KWANZA: Nashukuru, Baba Mdogo. Mimi sina maneno mengi. Chumba cha uani kinavuja. Majalada ya chini yameota kuvu na kushikana. Gramafoni haina sindano tangu mzee alipoanza kuumwa. Nyumba hii tumekubaliana itapangishwa, na hakuna mpangaji atakayekubali kuishi na kabati la watu. Ada za wadogo zangu zinadaiwa. Kitu kinachooza, kisichotumika, na mnunuzi ameketi hapa mbele yetu: sioni cha kujadili. Nyimbo zenyewe ziko kwenye simu.

SHANGAZI: Mwanangu, umesema vizuri, ila umeanza hesabu katikati. Kaka yangu hakulewa wala hakucheza kamari. Mshahara ukitoka, alinunua santuri. Akitumwa Nakuru, anarudi na santuri. Akitumwa Mombasa, anarudi na za taarabu. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na biashara ya santuri katika Afrika Mashariki ilikuwa mikononi mwao kwa sehemu kubwa. Baada ya hapo, hata sukari ilikuwa ya kutafutwa, sembuse santuri. Ukafika Aprili 1979, Kampala ikaanguka, watu wakabeba mpaka milango ya maduka. Hizi zilikuwa chini ya kitanda cha mama yetu. Zimevuka Amin na zimevuka vita, leo zishindwe na bati lililotoboka? Ziba bati.

MWANA WA KWANZA: Kuziba bati ni fedha, Shangazi.

SHANGAZI: Na kuuza usichokijua ni fedha vilevile, ila inakwenda kwa mwenye kujua.

BABA MDOGO: Mwenye kujua yupo, tumsikie. Dalali, hivi vitu vina bei gani?

DALALI: Asante, Mzee. Shikamoo, Mama. Nimepekua makreti mawili tu, lakini nimeshaona sura ya mzigo. Kuna mafungu matatu. La kwanza ni santuri kubwa za ng'ambo: Jim Reeves, ABBA, Boney M. Zina majalada mazuri, zinang'aa, na watu wengi huanza kuulizia hizo. Bei yake ni ndogo, kwa sababu zilichapwa kwa mamilioni, na anayezitaka huko Ulaya anazipata mtaa wa pili. Fungu la pili ni Wakongo: Franco, Tabu Ley, Dokta Nico. Hizo zina wapenzi hapahapa Kampala, na bei yake inategemea hali. Fungu la tatu ni hizi ndogo za Nairobi, zilizo kwenye bahasha za karatasi zilizochanika. Zinaonekana kama takataka.

MJUKUU: Na ndizo zenye fedha.

DALALI: Kijana ameshanimaliza. Ndiyo, baadhi yake ndizo zenye fedha.

BABA MDOGO: Tueleze kwa nini.

DALALI: Uchache, Mzee. Viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa Nairobi. Mwanamuziki wa Uganda aliyetaka sahani yake mwenyewe kwa kawaida alifunga safari. Charles Sonko, Mganda, alipigia muziki wake kule Nairobi na Equator Sound Band, pamoja na akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Miaka ya sabini Wakongo nao walipita hapa kwetu: Samba Mapangala na wenzake wa Les Kinois walipiga Kampala kabla ya kwenda Nairobi, Orchestra Makassy ilianzia hapa, ikakimbilia Dar es Salaam mambo yalipoharibika. Bendi ndogo ikirekodi wimbo, zinachapwa nakala chache, zinauzwa, zinapigwa baani mpaka sindano inatoboa, basi. Hakuna aliyechapa tena. Hiyo ndiyo inayotafutwa leo.

SHANGAZI: Sasa umetoa bei ya mafungu matatu au bei moja?

DALALI: Nimetoa bei moja ya jumla, Mama. Nachukua zote, nawapa milioni mbili, na gari nakuja nalo mwenyewe.

SHANGAZI: Kama fungu la kwanza halina bei na la pili linategemea hali, kwa nini unataka mpaka gari?

DALALI: Kwa sababu ninyi mnataka chumba kiwe tupu. Mimi nikichagua santuri arobaini nzuri na kuwaachia mia tano na sitini, mtaniita mwizi. Nikibeba zote, nabeba pia zile nitakazokaa nazo miaka mitano bila mnunuzi. Santuri kubwa moja na jalada lake ni robo kilo hivi. Mia nne ni kilo mia moja. Jaribu kuzituma Ulaya kwa ndege uone nauli. Bei ya jumla ndimo ilimo taabu yangu.

Hapa Mjukuu alitoa simu. Alikuwa ameingia Discogs, hazina ya kumbukumbu za santuri iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 2000 na Kevin Lewandowski, ambayo hujazwa na wapenzi wa muziki wenyewe na ina soko ndani yake. Mtu huandika jina la kampuni na namba iliyo kwenye lebo, akaona santuri hiyohiyo imewahi kuuzwa kwa bei gani.

MJUKUU: Mjomba, angalia. Hii ndogo uliyosema imeoza, kuna mtu anaiuza kwa dola mia na themanini.

DALALI: Usimpotoshe mjomba wako. Hiyo ni bei anayoiomba. Mimi pia naweza kuomba milioni kumi kwa viatu vyangu. Shuka chini, tazama bei iliyowahi kulipwa, ya chini, ya kati na ya juu. Halafu tazama hali. Ile imeandikwa haijapigwa sana. Hii ya babu yako ielekeze kwenye mwanga hivi, uinamishe. Unaona mikwaruzo? Mingine ni ya juujuu, haisikiki. Sasa pitisha ukucha taratibu: ukucha ukikwama, na sindano itakwama. Iweke kwenye sahani ya gramafoni uizungushe: ikipanda na kushuka, imepinda kwa joto. Santuri moja ikiwa safi na nyingine imekwaruzika, zinaweza kupishana bei mara kumi, na wimbo ni uleule.

MWANA WA KWANZA: Kwa hiyo unatuambia zetu ni mbovu.

DALALI: Nawaambia nyingi zimepigwa. Marehemu alinunua muziki ausikilize, Mungu amrehemu.

BABA MDOGO: Mjukuu umemleta mgeni. Mgeni aseme.

MTUNZA NYARAKA: Nashukuru kwa kunipokea nisiyealikwa. Kwanza ombi dogo. Hizi nzito za kasi ya 78 msizisafishe kwa spiriti. Si plastiki, ni lakri, na spiriti huiyeyusha. Wala msizipige kwa sindano ya santuri za plastiki, mifereji yake ni mipana zaidi. Hii iliyopasuka ukingoni, yenye picha ya mbwa na gramafoni, ni ya kampuni ileile iliyomchukua Siti binti Saad kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Santuri za wakati ule ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, kisha zikavunjika kwa makumi ya maelfu.

Sasa hoja yangu. Mwana wa marehemu amesema nyimbo ziko kwenye simu. Baadhi ziko. Za Franco ziko. Lakini Mjukuu ameniambia kwamba katika ndogo ishirini alizotafuta jana, kuna ambazo hazina hata mstari mmoja wa maelezo. Kanda mama ya studio ikishapotea, santuri iliyobaki kabatini ndiyo wimbo. Ukiiuza kwa mtu asiyesema anaipeleka wapi, hujauza nakala. Huenda umeuza wimbo wote.

MWANA WA KWANZA: Mnasema hivyo kila siku, kwamba kitu kisiende nje. Lakini vilivyokwenda nje ndivyo vilivyo salama.

MTUNZA NYARAKA: Ni kweli, na mfano wake mkubwa uko hapa Kampala. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi, alikuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957. Alizunguka nchi akirekodi ngoma, vinubi na nyimbo, kazi iliyofanyika zaidi kati ya 1949 na 1954. Rekodi zake zimehifadhiwa London, katika Maktaba ya Uingereza. Nchi ikapita katika yale ambayo Shangazi ameyataja. Zaidi ya nusu karne baadaye ndipo nakala zilirudi Makerere, kwa jitihada za wasomi akiwemo Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza, zikaanzisha hazina ya muziki inayobeba jina la Wachsmann. Zilipona kwa sababu ziliondoka. Siwezi kulikataa hilo.

MWANA WA KWANZA: Basi tumemaliza.

MTUNZA NYARAKA: Bado. Zilirudi kwa sababu gani? Kwa sababu Wachsmann aliandika: nani alipiga, wapi, lini, chombo gani. Sauti isiyo na maandishi isingejulikana irudi kwa nani. Kilichookoa kazi ile ni daftari lake, zaidi ya London.

Hoja hii ilibadilisha mwendo wa kikao, kwa sababu Shangazi alinyanyuka na kutoa bahasha moja kutoka kreti la tatu. Nyuma yake palikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino: jina la stesheni, mwezi, mwaka 1973, na maneno mafupi kuhusu aliyekuwa naye. Akatoa nyingine. Nayo ilikuwa imeandikwa.

SHANGAZI: Daftari unalolitaka hili hapa. Amejaza bahasha tele. Eldoret, Tororo, Jinja. Hii alinunua siku aliyomposa mama yako, wewe unayetaka kuuza.

DALALI: Samahani, Mama, nitasema jambo ambalo halitapendeza. Maandishi yanashusha bei.

SHANGAZI: Yanashusha?

DALALI: Mnunuzi wangu anataka bahasha safi na lebo safi. Mtu akiandika jina lake kwa wino, napunguza. Sikuianzisha mimi kanuni hiyo, nimeikuta.

MTUNZA NYARAKA: Na kwangu mimi maandishi hayo ndiyo yanayoipandisha thamani. Lebo itaniambia kampuni na namba. Haitaniambia kwamba wimbo wa Luganda uliuzwa Nakuru mwaka 1973, wala kwamba mfanyakazi wa reli aliusikia huko kabla haujafika Kampala. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na tunajua ilibeba pamba na kahawa. Jinsi ilivyobeba muziki, tunaijua kwa uchache sana. Mzee huyu ameiandika bahasha kwa bahasha.

MJUKUU: Kwa hiyo kitu kilekile Dalali anachokikata bei ndicho Mtunza Nyaraka anachokitafuta. Mjomba, hapo ndipo tunapopaswa kusimama. Tukiuza kwa jumla, tunauza kwa mtu atakayetupa bahasha na kuvisha santuri karatasi mpya nyeupe.

DALALI: Hilo hufanyika. Siwezi kulificha.

MWANA WA KWANZA: Sawa, lakini tusidanganyane kuhusu uzalendo. Shilingi haina uraia. Kama Mjapani anaipenda santuri ya Masaka kuliko mtu wa Masaka, aipate Mjapani.

MJUKUU: Hapo nakuunga mkono kuliko unavyofikiri, Mjomba. Nyege Nyege Tapes wako Kampala hapa, na muziki wanaoutoa, kama ule wa Otim Alpha wa Gulu mwaka 2017, una wapenzi wengi Ulaya. Mwaka 2013 Soundway ya London ilitoa mkusanyo wake wa Kenya Special, uliojaa nyimbo za zile santuri ndogo za Nairobi. Mimi mwenyewe nimejifunzia hapo nyimbo ambazo redio za hapa hazijazipiga tangu nizaliwe. Nje si adui. Mimi nikipiga wimbo wa babu kwenye sherehe ya Bunga, vijana wananijia kuuliza ni wa nani. Ninachokataa ni kuwajibu sijui.

MTUNZA NYARAKA: Na kuna haki za watu wengine humu ndani. Anayenunua santuri ananunua sahani. Wimbo una wenyewe. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006 inaitambua haki ya mtunzi na ya mwimbaji mbali na kitu kilichouzwa dukani. Kwa hiyo hata familia hii haina ruhusa ya kuzichapa upya na kuziuza, wala Dalali, wala mteja wake.

DALALI: Mimi sichapi. Nauza mtumba.

MTUNZA NYARAKA: Lakini mteja wako anaweza kuchapa, na atakapowatafuta warithi wa mwimbaji ataanzia kwenye jina lililo kwenye lebo. Hata lebo haimalizi ugomvi. Malaika ilirekodiwa na Fadhili William, ikaimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M, na mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliitunga. Kama wimbo maarufu kuliko zote una kesi, huu wa bendi iliyovunjika baada ya miaka miwili utakuwaje? Kila ushahidi unaotupwa unamwondolea mtu haki yake.

SHANGAZI: Umesema vizuri, mwanangu. Lakini nikuulize na wewe. Nikikupa, utazipeleka wapi? Najua ofisi zenu. Kitu kikiingia, kinapewa namba, mlango unafungwa, ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda semina.

MTUNZA NYARAKA: Lawama hiyo naipokea, maana ina ushahidi. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, zilikutwa negativu zipatazo elfu sabini za picha za enzi za Amin. Zilikuwa zimekaa kabatini miaka yote hiyo. Maonyesho yake yakafanyika katika Jumba la Makumbusho mwaka 2019, na watu wakaona ndugu zao. Kabati lilizihifadhi na kabati lilizificha. Ndiyo maana siwaombi mnipe santuri. Naomba niziorodheshe na ninakili zile ambazo hazipatikani penginepo, kisha mbaki nazo. Kama mtaweka chochote kwetu, iwe kwa mkataba: orodha yenye sahihi mbili, nakala ya sauti kwa familia, na kifungu kinachosema mnaweza kuzichukua.

MWANA WA KWANZA: Na mtalipa kiasi gani?

MTUNZA NYARAKA: Hatuna fungu la kununua.

MWANA WA KWANZA: Nilijua. Hapo ndipo ninapochoka na watu wa utamaduni. Mzigo wa kutunza ni wa familia, ada ni za familia, na faida ni ya taifa. Dalali angalau ameweka fedha mezani. Na hiyo kunakili ni kazi ya muda gani?

MJUKUU: Nimeipiga hesabu. Ndogo ni kama mia mbili. Pande mbili kila moja, pande mia nne. Dakika nne kila upande, inakuja dakika elfu moja na mia sita, saa ishirini na saba hivi. Ongeza kuosha na kupiga picha lebo. Na hatuzinakili zote. Zikishaorodheshwa, zile ambazo tayari zipo katika mikusanyo iliyochapwa upya tunaziruka. Mimi nina gramafoni na sindano mpya. Wikiendi chache tu.

DALALI: Niseme la kwangu la mwisho, Mzee, na nalisema kwa ukweli kwa sababu nimekunywa chai yenu. Mkishaorodhesha, milioni mbili yangu haipo tena. Nitalipa zaidi kwa chache na nitaziacha nyingi. Faida ya dalali wa jumla inatoka kwenye kile ambacho mwenye nyumba hajakisoma. Pale Soko la Kenyatta, Nairobi, Jimmy Rugami amekaa na santuri zake za mtumba miaka mingi mpaka wageni wanamfuata kibandani. Anauza moja moja, kwa mtu anayejua anachonunua. Biashara hiyo ipo, lakini ni ya mtu mwenye subira. Mwenye haraka huja kwangu.

MWANA WA KWANZA: Na mimi nina haraka.

SHANGAZI: Haraka ya ada naielewa. Ninachouliza ni kwa nini ada ilipwe na zile zilizoandikwa wakati zile za Boney M zipo.

BABA MDOGO: Sasa nimesikia. Nitasema, na baada yangu mtu anaweza kupinga, lakini apinge kwa sababu. Nilifanya kazi na marehemu kwenye reli. Mzigo ukifika stesheni, haukupakuliwa mpaka karatasi yake isomwe: nini, kiasi gani, unatoka wapi, unakwenda kwa nani. Hoja ya kuuza zote naikataa. Hoja ya kutouza chochote naikataa pia, Dada, samahani. Kuvu haisubiri tuafikiane, na kabati lisiloamuliwa limeshaamuliwa na mvua.

Fungu la kwanza Dalali alichukue wiki hii kwa bei yake, na fedha ziende kwenye ada. Fungu la pili Mjukuu aliuze moja moja hapahapa mjini, na hesabu aniletee mimi. Fungu la tatu liorodheshwe lote: lebo, namba, maandishi ya bahasha, picha ya mbele na nyuma. Zisizopatikana penginepo zinakiliwe. Baada ya hapo, isiyo na mwandiko na yenye nakala yake inaweza kuuzwa kwa yeyote, wa Kampala au wa Japani. Yenye mwandiko haiuzwi mpaka kikao kingine. Na kazi yote iwe imekwisha kabla ya Desemba. Isipokwisha, Mwana wa Kwanza ana ruhusa ya kumwita Dalali na gari lake.

SHANGAZI: Hilo la mwisho silikubali. Kijana akiugua, au sindano ikivunjika, tutauza kwa sababu ya kalenda?

BABA MDOGO: Pingamizi lako liandikwe. Tarehe inabaki.

Uamuzi wa Baba Mdogo haukumridhisha yeyote kikamilifu, na mimi naona ndio ulio sawa, pamoja na hiyo tarehe inayomkera Shangazi. Swali la kuuza au kutouza huulizwa mapema mno katika nyumba zetu, kabla mtu hajasoma hata lebo moja. Pande zote mbili zinahitaji kitu kilekile kwanza. Anayetaka fedha bila orodha atapewa bei ya takataka kwa fungu lenye santuri adimu. Anayetaka kuhifadhi bila orodha anahifadhi kabati. Orodha haihitaji ruzuku wala ndege: daftari, simu yenye kamera, na mtu mmoja anayeweza kusoma mwandiko wa zamani. Mwenye santuri zilizoorodheshwa na kunakiliwa anaweza hata kukosea kuuza, na wimbo usipotee.

Tarehe nayo ina maana yake. Watunzaji wengi hushinda mjadala kwa kuahirisha, kisha hushindwa na paa. Wauzaji hushinda kwa haraka, kisha hujuta wanapoona ile ndogo iliyochanika ikiuzwa kwa bei iliyozidi mzigo wote. Kuupa kila upande muda wa mwenzake ndiyo haki pekee ninayoiona hapo: muuzaji asubiri orodha, mtunzaji aogope Desemba.

Neno la mwisho la kikao, hata hivyo, halikuwa la mwenyekiti.

MWANA WA KWANZA: Basi tuanze Jumamosi na kreti la tatu. Mjukuu atapiga picha, mimi nitaandika, na Shangazi atatusomea, maana mwandiko wa kaka yake sisi wengine hatuuwezi. Lakini gharama ya bati la uani tutaichanga sote, na yeye akiwemo.

SHANGAZI: Nitachanga. Toa hizo bahasha mezani, chai inamwagika.